Ruta, Kipanga Njia au Kirangozi? Maelezo juu ya Kuchagua Chombo cha Intaneti ya Nyumbani

1. Utangulizi

Msomaji wa majarida ya Kiswahili amekwisha kuzoea makala yanayolalamikia uhaba wa istilahi za sayansi na ufundi. Aghalabu mjadala huo huishia katika swali la neno lipi ni zuri kuliko lingine, na chombo chenyewe kinachotajwa na neno hilo husahauliwa. Katika makala haya tutafuata njia nyingine. Tutachukua chombo kimoja ambacho sasa kinanunuliwa na watu wa kawaida, yaani kile kinachopokea intaneti na kuisambaza nyumbani bila waya. Tutaeleza kinavyofanya kazi na namna ya kukichagua. Na njiani tutaonyesha jinsi maneno tuyatumiayo yanavyomsaidia mnunuzi au kumpoteza.

Huenda ikaulizwa: je, jambo hili linatuhusuje sisi wa kusini mwa Maniema? Uzi wa kioo unaobeba intaneti ya kasi haujaingia katika nyumba za Kabambare. Lakini watu wa Kabambare na Kasongo hawakai Kabambare na Kasongo tu. Wako Bukavu na Goma, wako ng'ambo ya Ziwa Tanganyika huko Kigoma, wako Dar es Salaam na Nairobi ambako uzi huo umekwisha kupita mbele ya milango yao. Tena ndugu aliye mjini ndiye anayetumwa kununua chombo na kukileta nyumbani. Zaidi ya hayo, intaneti ya setilaiti sasa inaruhusiwa kisheria katika nchi yetu, nayo huhitaji chombo cha aina hiyohiyo. Fedha inayotumika ni ya mshahara wa mwalimu au ya karo ya mwanafunzi. Akikosea kuchagua, hana nyingine ya kurudia dukani.

2. Kazi tatu ndani ya sanduku moja

Kosa la kwanza la wanunuzi wengi ni kudhani kwamba sanduku lenye taa ndogo linafanya kazi moja. Kwa kweli kazi ni tatu, na kila moja yaweza kuwa na sanduku lake.

Kazi ya kwanza ni kugeuza. Katika uzi wa kioo habari husafiri kama mwanga. Kompyuta na simu hazielewi mwanga huo. Lazima ugeuzwe kuwa umeme. Chombo cha kugeuza huletwa na kampuni inayouza huduma, nacho lazima kipatane na mitambo yake. Katika mfumo unaotumika sana, uitwao GPON, uzi mmoja kutoka kituoni hugawanywa bila umeme wowote njiani kwa nyumba 32 au 64, nazo zote hushirikiana biti bilioni 2.5 hivi kwa sekunde za kupakua na bilioni 1.25 hivi za kupakia. Mnunuzi hana uchaguzi mkubwa hapa: apokee anachopewa.

Kazi ya pili ni kupanga njia. Nyumba hupewa anwani moja tu ya nje, ilhali ndani kuna simu tano, kompyuta mbili na televisheni. Chombo hukumbuka ni nani aliyeuliza nini, ili jibu likirudi lisiende kwa asiyehusika. Kila habari hukatwa vipande vidogo, na kila kipande huelekezwa peke yake.

Kazi ya tatu ni kusambaza kwa mawimbi ya redio, ambayo ndiyo watu huiita waifai. Hii ndiyo kazi inayoonekana, na ndiyo inayolaumiwa kila mara mambo yanapoharibika, hata pale kosa linapokuwa la kazi ya kwanza au la pili. Katika mazungumzo ya kila siku husikika "waifai imekufa", kumbe waifai ni nzima na uzi ndio uliokatika huko barabarani. Njia ya kupambanua ni rahisi: ikiwa simu inaonyesha kwamba imeungana na sanduku lakini hakuna kinachofunguka, kasoro iko nje ya nyumba au katika kazi ya kugeuza, ikiwa simu hailioni sanduku kabisa, kasoro iko katika kusambaza.

Mgawanyo huu una faida ya kifedha. Anayepata waifai dhaifu chumbani hahitaji kutupa sanduku la kampuni. Aweza kuliacha lifanye kazi mbili za kwanza, kisha akanunua kisambazi peke yake na kukiunga kwa waya. Kabla ya kununua aulize kampuni maswali mawili: je, mteja anaruhusiwa kutumia chombo chake mwenyewe? Na je, sanduku la kampuni laweza kuwekwa katika hali ya daraja, yaani lipitishe tu bila kupanga njia? Vyombo viwili vikipanga njia kwa pamoja, kimoja nyuma ya kingine, mara nyingi huleta matata katika simu za video na michezo.

3. Namba zilizoandikwa sandukuni

Waifai imepitia vizazi kadhaa. Kiwango cha kwanza kilitolewa mwaka 1997 na taasisi ya wahandisi iitwayo IEEE, kwa jina la 802.11, nacho kilipitisha biti milioni 2 kwa sekunde. Mwaka 1999 kilifuata kiwango cha biti milioni 11, na mwaka huohuo jina la Wi-Fi likabuniwa na kampuni ya kutunga majina ya biashara. Wengi hudhani kuwa jina hilo ni ufupisho wa maneno fulani. Sivyo, ni jina la biashara tu, nasi tuliolipokea kama "waifai" hatukupoteza maana yoyote. Tangu mwaka 2018 vizazi vimepewa namba za kawaida: Wi-Fi 4 ni kile cha mwaka 2009, Wi-Fi 5 cha mwaka 2013, Wi-Fi 6 kilianza kuidhinishwa katika vyombo mwaka 2019, na Wi-Fi 7 mwaka 2024.

Pamoja na kizazi, sandukuni huandikwa herufi na namba kubwa, kwa mfano AC1200, AX1800 au AX3000. Herufi AC ni kizazi cha tano na AX ni cha sita. Namba ndiyo inayowadanganya watu. Anayesoma AX3000 hudhani kwamba simu yake itapokea biti milioni 3000 kwa sekunde. Namba hiyo ni jumla. Chombo kina redio mbili zinazofanya kazi kando kando: moja ina uwezo wa milioni 574 na nyingine milioni 2402, zikijumlishwa zinakaribia 3000. Kadhalika AC1200 ni 300 na 867. Simu haiungani na redio zote mbili na kujumlisha. Katika vyombo vya aina hii huungana na moja. Tena namba ya kila redio ni ya hali bora kabisa, karibu na chombo, bila ukuta wala jirani. Katika matumizi halisi mtu ashukuru akipata nusu yake. Na ile 2402 huhitaji njia pana ya mawimbi ambayo simu nyingi haziwezi kuitumia.

Namba ya tatu haiandikwi kwa herufi kubwa, nayo ndiyo inayopaswa kutazamwa kwanza: uwezo wa tundu la waya linalopokea intaneti. Kuna vyombo vya bei nafuu vyenye maandishi makubwa ya AC1200 lakini tundu lao halipitishi zaidi ya biti milioni 100 kwa sekunde. Tuchukue mfano wa familia iliyohamia Dar es Salaam ikalipia huduma ya milioni 200. Ikinunua chombo cha namna hiyo, haitapata zaidi ya milioni 95 hivi, hata kama antena zake ni nane. Nusu ya malipo ya kila mwezi itakuwa inapotea mlangoni. Kwa hiyo anayelipia zaidi ya milioni 100 atafute tundu linaloandikwa 1000 au "gigabiti".

Hapa inafaa tuongeze tahadhari juu ya vipimo. Kampuni huuza kasi kwa biti, ilhali ukubwa wa faili hupimwa kwa baiti, na baiti moja ni biti nane. Milioni 100 za biti ni sawa na megabaiti 12.5 tu, faili ya gigabaiti moja itachukua sekunde 80 angalau. Kwetu Kongo shida ni mara mbili, kwa kuwa karatasi za Kifaransa huandika "Mo", yaani okteti, ambayo ni baiti ileile, na karatasi za Kiingereza huandika "MB" kwa baiti na "Mb" kwa biti. Tofauti ya herufi kubwa na ndogo ni tofauti ya mara nane. Mnunuzi asione aibu kumtaka muuzaji aseme wazi ni kipi.

4. Neno "masafa" na kosa linalotokana nalo

Tumefika mahali ambapo isimu na ufundi hukutana. Redio za waifai hutumia mawimbi ya gigahezi 2.4 na gigahezi 5, na vyombo vipya zaidi hutumia pia gigahezi 6. Kwa Kiswahili sanifu huitwa masafa. Lakini masafa ni pia umbali: tunasema "masafa ya kutoka Kasongo hadi Kabambare". Wasikilizaji wa zamani wa redio wanakumbuka matumizi ya tatu, pale matangazo ya kutoka ng'ambo yaliposemwa kuwa katika "masafa mafupi", na maana yake ilikuwa urefu wa wimbi. Neno moja, basi, limebeba umbali, urefu wa wimbi na idadi ya mitetemo kwa sekunde.

Kwa mtaalamu wa fani hii si taabu, muktadha humwokoa. Kwa mnunuzi ni mtego. Akiambiwa kwamba chombo kina "masafa makubwa zaidi", ataelewa kwamba kinafika mbali zaidi. Ukweli ni kinyume chake. Kadiri mitetemo inavyokuwa mingi, ndivyo wimbi linavyokuwa fupi na ndivyo linavyoshindwa kupenya ukuta. Gigahezi 2.4 huenda mbali na hupita matofali, lakini hubeba habari kidogo, na katika miji hujaa kelele kwa kuwa kila jirani anaitumia; ndani yake mna njia tatu tu zisizogusana, nazo ni namba 1, 6 na 11. Gigahezi 5 hubeba habari nyingi, lakini hufifia baada ya ukuta mmoja au miwili. Gigahezi 6 hufifia mapema zaidi, na inafaa katika chumba kimoja na chombo.

Tunapendekeza, angalau katika maandishi ya mafunzo, kwamba masafa libaki kuwa idadi ya mitetemo tu, umbali litumike kwa umbali, na pale panapotajwa mahali mawimbi yanapoishia litumike neno upeo. Hapo sentensi inakuwa wazi hata kwa asiye fundi: "masafa yakiwa makubwa, upeo huwa mdogo." Mtu akiishika sentensi hiyo amekwisha kujua nusu ya elimu ya kuchagua.

Kutokana na hayo chombo chenye masafa yote mawili, 2.4 na 5, ndicho cha kununua kwa nyumba ya kawaida. Simu iliyo sebuleni itumie 5. Iliyo jikoni au uani itumie 2.4. Chombo chenye 2.4 pekee hakifai tena kwa uzi wa kioo, hata bei yake ikishuka namna gani.

5. Nyumba, ukuta na bati

Mawimbi hayaishi katika hewa tupu. Huishi katika nyumba. Matangazo ya biashara huonyesha nyumba ya mbao na karatasi ngumu, ilhali nyumba zetu ni za matofali ya kuchoma, za udongo, au za saruji yenye nondo. Udongo wenye unyevu hunyonya mawimbi, na kwa hiyo ukuta uleule huwa mgumu zaidi masika kuliko kiangazi. Bati huyarudisha yalikotoka: chombo kilicho chini ya paa la mabati hakiwezi kumhudumia aliye nyuma ya ukuta wa mabati. Pipa la maji, jokofu na kioo kikubwa cha kujitazamia ni vizuizi vya namna hiyohiyo.

Basi kabla ya kuongeza fedha mtu aongeze akili. Chombo kiwekwe katikati ya nyumba, juu ya kabati na si nyuma yake, mbali na chuma. Aghalabu fundi wa kampuni hukiacha palepale uzi ulipoingilia, yaani pembeni mwa nyumba, na nusu ya mawimbi humwendea jirani. Waya wa mita kumi wa kukihamishia katikati ni rahisi kuliko chombo kipya.

Nyumba ikiwa kubwa, au yenye ghorofa, vyombo viwili vidogo vilivyounganishwa ni bora kuliko kimoja chenye nguvu. Sababu yake huonekana ukifikiri kwamba mazungumzo ni ya pande mbili. Chombo chaweza kupaza sauti ikafika uani, lakini simu iliyo uani ina sauti ndogo na haiwezi kujibu. Ndiyo maana mtu huona alama zote za waifai zimejaa na bado hapati kitu. Vyombo hivyo viwili viunganishwe kwa waya ikiwezekana. Vikiunganishwa kwa mawimbi hutumia sehemu ya nguvu yao kusemezana vyenyewe.

6. Kiasi gani kinatosha?

Hesabu ya mahitaji si ngumu. Mazungumzo ya video huhitaji biti milioni 1 hadi 3 kwa sekunde kwa kila mtu. Filamu yenye picha safi huhitaji milioni 5 hivi, na ile ya ubora wa juu kabisa milioni 15 au zaidi. Familia ya watu sita, hata wote wakitazama kwa wakati mmoja, haitavuka milioni 50 kwa urahisi. Kwa nyumba hiyo chombo cha AX1800 chenye matundu ya gigabiti kinatosha kwa miaka mingi. Anayemshauri mwalimu anunue Wi-Fi 7 kwa ajili ya simu mbili za kizazi cha tano anamuuzia kivuli, kwa sababu mawasiliano hufuata uwezo wa yule aliye dhaifu kati ya wawili.

Neno "kasi" nalo lataka kuangaliwa. Tunasema "intaneti ya kasi", lakini milioni 100 kwa sekunde si mwendo, ni wingi unaopita. Kifaransa kimechukua sitiari ya maji yanayotiririka, nayo iko karibu zaidi na ukweli. Mto Lualaba hupitisha maji mengi kuliko Luama, lakini hilo halikuambii jani lililotupwa majini litafika lini. Muda wa kufika na kurudi ni jambo jingine, tuuite ukawiaji. Setilaiti za zamani zilizo juu kiasi cha kilomita 36,000 zaweza kupitisha habari nyingi, na hata hivyo swali na jibu huchukua karibu nusu sekunde, kwa kuwa hata mwanga una mwendo wake. Setilaiti mpya zinazozunguka kwenye kimo cha kilomita 550 hivi zimeondoa sehemu kubwa ya ukawiaji huo. Uzi wa kioo ndio wenye ukawiaji mdogo na wingi mkubwa kwa pamoja.

Watu wa Kabambare wanaujua ukawiaji tangu zamani. David Livingstone alikwama hapa, mahali alipopaandika kwa jina la Bambarre, kuanzia Julai 1870 hadi Februari 1871 kwa sababu ya vidonda vya miguu, na barua zake zilihitaji miezi mingi kufika pwani mikononi mwa watu wa misafara.

7. Hali ya Kabambare: setilaiti na betri

Mwanzoni mwa mwaka 2024 ARPTC, mamlaka ya udhibiti wa posta na mawasiliano ya nchi yetu, ilikataza matumizi ya vyombo vya Starlink kwa kuwa havikuwa na kibali; Mei 2025 ikatangaza kuipa kampuni hiyo leseni. Tangu hapo mtu wa Kabambare au Salamabila aweza kununua sahani ya setilaiti bila kuvunja sheria. Sahani huja na ruta yake, na mambo tuliyoyasema juu ya upeo, ukuta na bati hayabadiliki. Kinachobadilika ni umeme.

Ruta ya kawaida hula wati 10 hivi. Kwa saa 24 ni watisaa 240. Sahani ya kawaida ya Starlink hula wati 75 hadi 100, na ile ndogo wati 25 hadi 40. Betri ya risasi ya volti 12 na ampea-saa 100 ina watisaa 1200, lakini haifai kutumiwa zaidi ya nusu yake, maana itakufa mapema, zabaki 600. Sahani ndogo ikiwashwa mchana na usiku itaimaliza yote, na sahani kubwa itaimaliza kwa saa zisizofika nane. Kwa hiyo anayenunua sahani anunue kwanza paneli na betri, au akubali kuizima usiku.

Kuna akiba nyingine isiyojulikana na wengi. Ruta nyingi hutumia umeme wa volti 12 ulio sawa na wa betri. Kuutoa betrini, kuupandisha kwa kigeuzi hadi volti 220, kisha kuushusha tena kwa chaja ya ruta ni kupoteza sehemu yake mara mbili. Yafaa kuiunga ruta moja kwa moja, lakini kwa kupitia kidhibiti kidogo cha volti, kwa sababu betri inayochajiwa na jua hupanda kupita volti 14. Kwanza isomwe chapa iliyo chini ya ruta, kwani nyingine hutaka volti 9 au 5, na hizo zitaungua.

Anayetumia laini ya simu badala ya setilaiti achague ruta yenye nafasi ya laini, isiyofungwa kwa kampuni moja, na yenye mahali pa kuchomeka antena ya nje. Katika bonde, antena iliyopandishwa juu ya mlingoti huleta faida kuliko ruta ya bei mara tatu.

8. Kufuli la mlango

Chombo kizuri kisichofungwa ni hasara. Ulinzi wa kwanza wa waifai, uitwao WEP, ulivunjwa na wataalamu mwaka 2001, na bado huonekana katika orodha za vyombo vikuukuu. Ulinzi wa kutumia ni WPA2 au, kama simu zote zinaukubali, WPA3 wa mwaka 2018. Nywila ni mbili, na watu huzichanganya: moja ya kuingia katika waifai, nyingine ya kuingia katika chombo chenyewe na kukibadilisha. Hii ya pili ndiyo inayosahauliwa, ikabaki vilevile kama ilivyochapwa kiwandani. Mwisho, mnunuzi aulize kama mtengenezaji angali anatoa marekebisho ya programu kwa ajili ya chombo hicho. Chombo cha mtumba kilichoachwa na mtengenezaji wake ni nyumba ambayo funguo zake zimekwisha kutawanyika sokoni.

9. Jina lake nani?

Sasa turudi kwenye majina. Nchini Tanzania uzi mkuu wa nchi huitwa Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano. Msomaji wa Maniema akisikia "Mkongo" humfikiri ndugu yake. Lakini upatanisho wa ngeli humwokoa: "Mkongo umefika Kigoma" ni uzi, "Mkongo amefika Kigoma" ni mtu. Huu ni mfano mwema wa kuwaonyesha wanafunzi kwamba ngeli si pambo la sarufi. Katika mazungumzo, hata hivyo, neno faiba limetangulia Nairobi na Dar es Salaam, na hapana shaka litafika kwetu pamoja na uzi wenyewe.

Kwa chombo tulichokieleza, yako majina kipanga njia, kisambaza data na ruta. Kwetu, walio karibu na Kifaransa husema ruteri. Ruta na ruteri ni ndugu, maana yote mawili yametoka katika neno lenye maana ya njia, moja likipitia Kiingereza na jingine Kifaransa. Kisambaza data kinataja kazi ya tatu tu na kuziacha mbili. Kipanga njia kimeundwa sawasawa kwa kanuni za Kiswahili, ila kipanga ni pia ndege wa jamii ya mwewe, na anayesoma kwa haraka huenda akaona ndege kabla hajaona njia.

Historia yetu inatupa neno la nne. Katika misafara ya karne ya 19, iliyoleta Kiswahili hadi Kasongo na Nyangwe, aliyetangulia mbele akiwaongoza wengine aliitwa kirangozi. Bila yeye mizigo isingefika. Tulipoanza kuandika makala haya tulikusudia kulipendekeza neno hilo. Tumeacha, kwa sababu mbili. Kirangozi aliongoza msafara mzima katika njia moja, ilhali chombo hiki hukielekeza kila kipande peke yake na kukumbuka kilitoka kwa nani. Tena vijana wengi hawalijui neno hilo, na istilahi inayohitaji kufafanuliwa kabla ya kufafanua haijafanya kazi yake. Libaki kuwa mfano wa mwalimu darasani.

10. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba mnunuzi hapotezwi na ukosefu wa maneno peke yake. Hupotezwa zaidi na maneno aliyokwisha kuyazoea, kama masafa na kasi, yanapobeba maana mbili bila onyo. Pendekezo letu ni hili: ruta liwe jina la chombo kizima, kipanga njia kibaki kwa kazi ya pili, kisambazi kwa kazi ya tatu, na masafa yatenganishwe na upeo.

Kwa anayetumwa dukani kesho, yatosha akumbuke mambo matano: tundu la gigabiti, masafa mawili, kizazi cha sita, ulinzi wa WPA2 au WPA3, na volti zilizoandikwa chini ya chombo. Ayaandike kwenye karatasi kwa Kiswahili, na asitoe fedha mpaka muuzaji ameyajibu yote matano.